Mjomba wa Odilia

Jumamosi, 31 Mei
Baridi. Mkanda wa mashine ya kusaga umekatika, na kibali cha matembezi cha Odilia kinaisha katikati ya Juni. Mchumba wangu ni wa Msumbiji. Afisa Uhamiaji kasema alete karatasi ya kwao kuthibitisha hajaolewa, aombe kuongezewa muda, ndipo tufunge ndoa. Mimi niliyeanza na ungo na gunia moja, nisubiri karatasi? Hapana! Odilia atakuwa Mtanzania, mtu wa Namtumbo. Hironimus, mkulima wa tumbaku wa huko, mteja wangu, atakuwa mjomba wake. Nimempa debe la unga. Hesabu imekubali.

Jumapili, 8 Juni
Tangazo la kwanza la ndoa limesomwa kanisani: Odilia, wa Namtumbo. Hakuna aliyeguna. Cheti cha ubatizo nimemwambia padre kinakuja. Odilia kainamisha kichwa misa nzima. Haya za bibi harusi.

Jumatano, 11 Juni
Padre kataka kumwona mlezi. Hironimus kaja na wazee wawili na shangazi! Kauliza ukoo wangu. Kauliza mshenga wangu ni nani, na kwa nini nalala nyuma ya mashine. Nikamvuta pembeni, nikamkumbusha unga. Kasema unga ulikuwa wa kumfanya mjomba, na mjomba ndiye huyu. Kisha mbele ya padre:
“Binti yetu hatumtoi kwa mtu ambaye hata kwao hatupajui.”
Matangazo yamesimamishwa mpaka ukoo uridhike.

Jumatatu, 16 Juni
Nimetoka Namtumbo na mshenga, Pankrasi. Ukoo unasema wauze tumbaku kwanza, ndipo wakae kikao. Kibali kimeisha jana. Odilia kaenda Uhamiaji peke yake, kasema kweli yote. Kaamriwa aondoke wiki hii. Nikamuuliza kwa nini kaniharibia.
“Baltazar, mimi nina baba. Yuko hai. Hujawahi hata kuniuliza jina lake.”

Alhamisi, 19 Juni
Kapanda gari la Mkenda, mpakani, asubuhi. Nilimbebea begi. Hakugeuka.
Padre kasema bado inawezekana: nikiri, Odilia alete karatasi, tuanze upya. Kusubiri tena! Nimepiga hesabu mpya. Ndoa ifungwe kwao. Ila huko mgeni nitakuwa mimi, na karatasi nitadaiwa mimi. Pankrasi anamfahamu mzee mmoja wa Lichinga, hukohuko Msumbiji, asiye na mtoto wa kiume. Namba ya mzee ninayo. Nimeshamwandikia: Shikamoo, baba.