Kelele Yangu Kwenye Santuri

Jumatatu, 3 Machi 1958
Andika, Wilma mkwe wangu, na usinisahihishe. Jumamosi ni sikukuu ya ukumbi wetu wa dansi hapa Kansas City. Ile "Yuuuu!" ya mwanamke kwenye wimbo wa "Kuku wa Jumapili", pale tarumbeta zinapovuta pumzi, mwanamke aliyeipiga atakalishwa jukwaani kando ya Bwana Tolliver mwenye bendi. Kiti changu hicho! Ozella wa kwaya eti anadai chake. Ozella! Sauti kama bawaba ya banda la kuku. Gauni nilishalipiga pasi, lile la kijani, ambalo marehemu mume wangu... basi, liache.

Jumanne
Nimekwenda kusikiliza santuri ya Ozella. Lo! Ni yeye. Alimpelekea mumewe mpiga ngoma chakula studioni siku ya kurekodi, akapiga ukelele. Hata kikohozi chake kimo! Nikamwambia santuri imepinda, aniazime nikamnyooshee. Akasema haya, dada Permelia, ila ukiiharibu utanitambua.

Jumatano
Kunyoosha santuri nani hajui? Unaibana kwa vioo viwili, oveni iwe vuguvugu. Vioo nimevisahau. Makusudi. Na mkate wa mahindi ulikuwa humo unaoka. Santuri imetoka bakuli! Acha kucheka, andika.

Alhamisi
Ozella kalia. Nimempa pole, nikamwambia oveni ya mwanangu ina wazimu. Sasa ushahidi hana. Mimi ninao! Wimbo ule ulirekodiwa tena pale ukumbini kwetu, siku watu wa redio walipoleta mashine. Na mimi nilipiga kelele, koo likauma wiki nzima. Santuri ya siku hiyo anayo Bwana Tolliver peke yake. Nimempelekea pai ya viazi vitamu, nikamwomba aipige mbele ya watu wote.

Jumapili
Jana ikapigwa. Tarumbeta zikavuta pumzi. Yuuuu! Mimi! Nikasimama, nikainama kama malkia. Kumbe santuri inaendelea. Bwana Tolliver mle ndani ya santuri anafoka: mtoeni Permelia, kakalia klarineti ya mpulizaji! Watu hoi kwa kicheko. Kiti kapewa Ozella. Akapita karibu nami akaninong'oneza: pole dada, oveni ya Mungu nayo ina wazimu.

Lakini hebu fikiri, Wilma. Jina la Ozella limetajwa kwenye santuri gani? Langu limetajwa, tena na mwenye bendi! Na ile santuri ya Bwana Tolliver imepinda, nimeiona kwa macho yangu. Kesho naiazima kwake. Nitainyoosha pale penye klarineti tu.

Washa oveni.