Jina Limefika, Sauti Bado

Alhamisi, 12 Machi
Mama hataki chakula tena. Anachotaka ni kuisikia sauti ya marehemu baba. Nayo iko wapi? Kwenye kompyuta ya dada! Alimrekodi wiki ya mwisho, mimi nikiwa kwenye mdahalo wa kuiokoa nchi. Jumapili ukoo mzima unakuja. Ataipiga yeye, atasifiwa yeye. Haiwezekani! Mrithi wa maneno ya baba ni mimi.

Ijumaa, 13 Machi
Nimemwomba dada aunganishe kompyuta zetu. Akacheka: kaka, wewe hata rimoti inakushinda! Akaunganisha hata hivyo. Akanieleza kama mtoto wa chekechea: faili halisafiri zima, hukatwa vipande, kila kipande kikifika, mashine inayopokea hujibu nimepata, isipojibu, kipande hutumwa tena. Jina hutangulia, mwili hufuata. Nisubiri. Ninakili tu, nisifute kitu.
Ninakili! Mimi, niliyewaumbua wanaonakili vitabu vya wenzao!

Jumamosi, 14 Machi
Dada katoka kumtafutia mama dawa. Nikaanza. Jina likatokea kwangu papo hapo: Baba. Mstari wa kijani ukawa unajikokota. Ulipofika katikati nikachoka. Urasimu mtupu! Jina si limefika? Nikaukatisha. Nikafuta faili la dada. Fahali wawili hawakai zizi moja.

Jumapili, 15 Machi
Sebule imejaa. Mama kaegemezwa mito. Nikatoa hotuba fupi (shangazi anasema haikuwa fupi). Nikabonyeza. Baba akakohoa, akamsifu dada kwa utulivu wake, akasema, "Ama huyu mwanangu wa kiume..."
Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya palepale.
Mama akauliza kama baba amechoka.
Dada akafungua kompyuta yake, akatafuta, akaifunga. Hakunigombeza. Alikwenda kulia jikoni. Aliyenishukia ni shangazi: una mkono gani wewe? Umemzika kaka yangu mara ya pili!

Jumatatu, 16 Machi
Nimetafakari. Kosa ni la mashine. Ingekuwa na adabu, isingeonyesha jina la mtu ambaye hajafika.
Mama kakisukuma kijiko tena. Atakula, anasema, akishasikia baba alisema nini juu yangu. Basi, dawa ipo! Kila mtu husema sauti yangu na ya marehemu ni moja. Nimejifungia chumbani na simu ya kurekodia. Sifa zangu nazijua kwa moyo.
Nimeanza na kikohozi.