Cheti cha Hewa Safi

Wewe hulijui dampo lile, sivyo? Hulijui kwa sababu kila ukikaribia unapandisha kioo cha gari, au unaziba pua kwa kiganja na kutazama upande wa pili wa barabara mpaka mlima wa taka uishe. Mwaka ule trekta la dampo lilipowaka lenyewe, ukaambiwa ni sigara ya dereva, ukaamini, na dereva hakuvuta sigara maisha yake yote. Miaka kumi na tisa unatazama pembeni. Shingo yako imeshazoea. Basi keti, usikie kilichotokea ulipokuwa umegeuka.

Alikuwapo mtu mjini akiitwa Injinia, jina alilojipa mwenyewe. Alikuwa na droni ya kupigia picha za harusi, kamera yake imekufa tangu ilipoangukia keki. Siku moja, akiwa amejibanza kwenye kivuli cha ofisi ya ardhi, akasoma tangazo ukutani: nyumba zote zinazopakana na dampo zipimwe kwa droni gesi ya methani, ile inayotoka takataka zikioza chini, isiyoonekana, isiyonuka, na inayoweza kulipuka.

Akalisoma mara mbili. Maisha yake yote alikuwa akiuza vitu ambavyo wateja walitaka kuviona kwanza. Leo serikali yenyewe imemletea kisichoonekana.

Kufikia mchana, droni ilikuwa imefungwa kisahani cha sabuni kilichopakwa rangi ya fedha, ndani yake taa nyekundu ya baiskeli. Siku tatu akazunguka akiinadi. Mteja wa kwanza, na wa mwisho, alikuwa mzee mmoja mwenye safu ya vyumba kumi na viwili vilivyoegemea mlima wa taka.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Hicho kidude ndicho kinachopima?”

“Kinanusa, mzee. Kinanusa hata kisichonuka.”

“Na kikikuta gesi?”

“Inategemea na mwenye nyumba.”

Mzee akatabasamu. Wakaelewana kama watu waliokaa dawati moja.

Droni ikapaa, ikavuma juu ya mabati, ikatawanya kunguru, ikatua. Injinia akaandika kwa mwandiko wa daktari: methani sifuri, hewa ya hapa yafaa wodi ya wazazi. Akagonga mhuri, ambao ulikuwa wa timu ya mpira iliyovunjika zamani.

“Fedha sina,” mzee akasema. “Ila chukua chumba cha mwisho, na hati yake juu. Kiwe chako.”

Hapa tumwonee huruma kidogo. Injinia hakuwa amewahi kumiliki mlango. Yeye na mama yake walikuwa wamefukuzwa kwenye vyumba vya kupanga mara kumi na nne, na kila mara mama, godoro kichwani, alisema neno lilelile: “Mungu anipe siku moja nife kwangu.” Injinia akakubali kabla mzee hajafunga mdomo. Gesi hakuiwaza. Alikuwa ameinadi sana, mpaka akaamini ameibuni mwenyewe.

Mama akahamia. Akafagia, akatundika pazia, akaupapasa mlango kama mtu anayepapasa shavu la mjukuu. Kisha mvua ikanyesha. Asubuhi akamwita mwanawe kwa sauti ya kawaida kabisa.

“Mwanangu, hebu njoo. Maji haya yanachemka na moto sijawasha.”

Dimbwi la mlangoni lilikuwa likitoa mapovu. Mama, aliyekuwa na kiberiti cha jiko mkononi, akawasha njiti ili aone vizuri. Dimbwi likashika moto wa buluu.

“Maji yanawaka,” mama akasema. Nyusi zake hazikuwapo tena. “Ndiyo hewa ya wodi ya wazazi hii?”

Injinia akatimua mbio mpaka kwa mzee, kwenye nyumba kubwa iliyotenganishwa na vyumba kwa ukuta mmoja tu. Akamkuta anapakia makochi kwenye lori.

“Unahama, mzee?”

“Nahamishwa, kijana. Nyumbani kwangu niliita droni ya kweli. Gesi imejaa tele. Nimepewa nyumba mpya kule juu, maji ndani.”

“Na vile vyumba?”

“Nimeshaviuza vyote vilivyobaki, kila mnunuzi na nakala ya cheti chako. Watu wamefurahi sana.”

“Kumbe ulijua?”

“Kisahani kama kile ninacho bafuni, mwanangu. Ila rangi ya fedha ilikipendeza.” Akapanda lori.

Ofisi ya ardhi, dirisha namba tatu, karani akafungua faili.

“Vyumba vyenu vimepimwa, kaka. Sifuri. Hamhamishwi.”

“Nilidanganya, dada. Cheti hicho nimekiandika mimi.”

“Kwa hiyo wewe ni mwongo.”

“Ndiyo.”

“Sasa leo nikuamini kwa lipi?”

Maneno yote aliyokuwa nayo Injinia yalikuwa ya uongo. Hakuna hata moja lililofaa kazi hii.

“Kupimwa upya inawezekana,” karani akaendelea. “Fomu hii hapa. Sahihi hamsini, lakini si zenu. Ninyi mna maslahi. Tunataka za watu wasiohusika kabisa.”

Tangu juzi amesimama nje ya ofisi ile, fomu mkononi, akisema ukweli bila ufundi wowote. Watu wanampita, maana kila mmoja aliwahi kuuziwa kitu naye. Mama yake na familia kumi na moja wanapikia barabarani, hawathubutu kuwasha njiti ndani, na wingu limetanda tena.

Amepata sahihi sita. Zimebaki arobaini na nne. Wewe ambaye miaka yote umesema dampo halikuhusu, hongera, umetimiza sharti. Dirisha linafungwa saa kumi. Acha kusoma, vaa viatu, nenda ukatie sahihi, na usibanduke pale mpaka uione droni ya kweli ikipaa juu ya vile vyumba.