Matope Yapite Chini

Jumanne, 12 Agosti 2025. Koboko.
Mvua tena. Bwawa la mama mdogo Sadiya, kule Kuluba, limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Samaki mia tatu wanahemea juu, na hao ndio kitoweo cha nikaha ya binti yake, Sumayah, Jumamosi. Nikamweleza: maji ya matope ni mazito kuliko maji safi, hivyo yakiingia hupiga mbizi na kutambaa sakafuni. Bomba likipita chini ya ukingo, matope yatatoka, maji safi yatabaki. Akauliza kama hilo ndilo nililosomea miaka minne. Ndilo.

Jumatano, 13 Agosti.
Jaribio ndani ya bakuli la kioo. Matope yalipita chini yakijiviringisha kama moshi. Uzuri ulioje! Jirani yetu Ezati, anayelima mpunga kule Kuluba na aliyeishia kidato cha pili, alicheka: “Injinia, matope iko nasoma kitabu?” Akaleta wavu, nifunge mdomo wa bomba. Nikamrudishia.

Alhamisi, 14 Agosti.
Bomba tayari. Mama mdogo naye anataka wavu. Nilimthibitishia kwa kurasa mbili za hesabu kwamba wavu huzaa msukosuko, msukosuko huinua matope, na matope yaliyoinuka hayatoki. Isitoshe, ni wazo la Ezati.

Ijumaa, 15 Agosti.
Mvua kubwa saa tisa. Nikazibua bomba. Matope yakapiga mbizi, yakatambaa, yakatoka, sawasawa na nilivyotabiri. Kisha wakatoka samaki. Walikuwa wamejificha chini, mahali ambapo nadharia haikuwahitaji. Kizibo nacho kilikwenda na mkondo. Mama mdogo hakufoka. Aliuliza tu kama wageni kesho watakula hesabu.

Jumamosi, 16 Agosti.
Samaki walikuwepo. Ezati na mkewe, Candiru, waliwaokota jana katika mpunga wao, chini ya ukingo, wakawaleta kwa vikapu. Ezati akaketishwa mkeka wa mbele na wazee. Mimi nilishika birika la kunawisha mikono. Hakuna aliyetaja kwamba maji yaliyobaki bwawani, ingawa yanafika kwenye kifundo cha mguu tu, ni safi kama kioo.

Jumapili, 17 Agosti.
Nimepigwa marufuku Kuluba. Wivu wa wasiosoma. Lakini Rehemah, shangazi wa bwana harusi, ana bwawa Pajulu, karibu na Arua: samaki elfu moja, matope tele. Habari za Ijumaa hazijamfikia. Ameniita kesho. Nilipokuwa nafunga bomba kwenye bodaboda, Ezati alikuja mbio na wavu wake, akanisihi: “Chukua tu, ndugu yangu.”
Nikamrudishia.