Saa ya Khun Wichian

Duniani kulikuwa na jua, mwezi na saa ya mkononi ya Khun Wichian. Na kati ya hivyo vitatu, mwenyewe aliiamini saa yake tu!

Wichian (hilo "Khun" ni bwana au bibi kwa Kithai) alisimamia kompyuta za kiwanda cha mchuzi wa samaki huko Rayong, Thailand. Mkesha wa Songkran, sikukuu ya kumwagiana maji, mkurugenzi, Khun Rampha, alimwahidi umeneja endapo saa za kompyuta zote zingeacha kupingana.

"Si zichukue saa mtandaoni tu, kama za wenzetu?" aliuliza Khun Malai, ofisa utumishi.

"Nikaombe saa kwa watu baki? Mimi?" Wichian alitunisha kifua. "Kompyuta yangu ndiyo mama. Nyingine zote zitanyonya hapa!"

Akaitazama saa yake kwa fahari ya mfalme, akaandika saa na dakika. Tarehe na mwaka akanakili kwenye kalenda ya ukutani: mwaka wa Kibudha, ambao Thailand nzima huutumia, nao umeutangulia mwaka wa kompyuta kwa karne tano na ushee!

Kompyuta hazina kiburi. Ziliuliza saa, zikajibiwa, zikaamini. Hakuna hata moja iliyosema, "Mzee, una hakika?" Ndiyo maana mwenye majivuno hafai kuongoza vitu vitiifu.

Jioni wafanyakazi walijipanga langoni na mabegi yao. Kila kadi ikakataliwa: muda wake umekwisha!

"We Wichian! Basi la Khon Kaen linaniacha!"

"Fungua bwana, mama ananingoja!"

Malai alitoka ofisini mbio. "Khun Wichian! Kompyuta inasema nina zaidi ya miaka mia tano! Imenistaafisha! Imestaafisha kiwanda kizima!"

"Mbona bado unavutia," Wichian alijaribu utani.

Ndoo ya maji ikamshukia kichwani. Songkran ilikuwa imeanza.

Khun Rampha alifika akiwa na kadi yake mkononi, nayo imekataliwa. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Wichian zaidi.

"Rekebisha mwaka."

Akarekebisha, maji yakimchuruzika kwenye kibodi. Lango likafunguka, watu wakatoka kwa vifijo.

"Sasa warudishe kazini waliostaafishwa."

"Wote, Khun Rampha?"

"Wote. Isipokuwa wewe. Kwako kompyuta haikukosea."