Jina la Elkanah

Jumatatu, 6 Agosti 1979

Dorothy, huna haya! Mtoto hajafikisha wiki mbili, umeshamwita Klaudio, jina la bosi wa mume wako pale kiwandani! Huyo bosi ndiye aliyeona uchungu? Nimemwambia hivyo mbele ya watu. Akanijibu kwa upole, Kukhu, yaani bibi, ni jina la Kikristo. Upole wa mkaza mwana ni dharau iliyonawa uso.

Mimi nataka Elkanah. Ni la marehemu mume wangu, miaka saba mchangani. Wajukuu wanne wamezaliwa, hakuna hata mmoja mwenye jina lake. Mwanangu Were, huyo mume wake, amepanda miwa mpaka kaburini, msalaba hauonekani tena. Jina nalo likipotea, itakuwa kama hakuishi.

Jumatano, 8 Agosti

Magoti yanauma. Nimetembea hata hivyo hadi kwa Patroba, mzee wa kanisa, mwenye kijitabu cha maana ya majina. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo asome yeye. Klaudio: la Kirumi, maana yake kiwete. Aha! Dorothy: la Kigiriki, zawadi ya Mungu. Zawadi isiyojua kusonga obusuma, ugali wa kwetu! Elkanah: la Kiebrania, Mungu amemiliki. Nikasimama niondoke na ushindi wangu. Patroba akasema, lakini mama, huyo Elkanah wa Biblia alikuwa na wake wawili. Nikamwambia wangu alikuwa na mmoja tu, na bado alikuwa anachokanga.

Nimerudi nyumbani, nimetangaza kiwete. Dorothy akasema bosi anatembea vizuri, tena ana gari. Were akacheka. Mtoto niliyemzaa mwenyewe!

Ijumaa, 10 Agosti

Sellah, mama yake Dorothy, ameshuka kutoka Lugari na gunia la mahindi. Ana jina lake pia: Yakobo, marehemu baba yake. Eti amemwota. Nikasema hata mimi nimemwota Elkanah. Akauliza alivaa nini. Nikasema koti. Akasema wake alivaa suti. Huyu mwanamke hata kwa ndoto anashindana!

Basi, kesho tufuate desturi. Mtoto akilia, waliotangulia watatajwa mmoja mmoja. Atakaponyamaza, huyo ndiye amemkubali. Nitampakata mimi. Yakobo akitajwa, nitafinya paja, kidogo tu. Elkanah akitajwa, kidole chenye sukari mdomoni. Mungu anajua nimechoka. Atanielewa.

Jumamosi, 11 Agosti

Sellah akataja Yakobo. Nikafinya. Mtoto akalia, safi kabisa! Akataja tena. Nikafinya tena. Sellah akautazama mkono wangu. Zamu yangu ikafika. Nikatia kidole, nikafungua kinywa, na trekta ya miwa ikapita barabarani. Vumbi! Nikakohoa mpaka machozi. Mtoto ananyonya kimya, jina halijatoka. Dorothy, amesimama mlangoni na sufuria, akasema kama mzaha: Klaudio?

Vigelegele! Nikasema Klaudio si marehemu, yuko hai, anakula nyama! Wakasema mtoto amechagua. Nikachomoa kidole, nikaita Elkanah, Elkanah! Mtoto akalia kama king'ora cha kiwanda. Sellah akaniambia, mama, mwache mzee alale.

Jumapili, 12 Agosti

Amebatizwa. Klaudio. Patroba alinitazama wakati wa maji, mimi nikatazama paa. Baada ya ibada nikapenya kwenye miwa hadi kwa mzee wangu. Majani yamenikata mikono. Nikamwambia yaliyotokea, nikakaa kidogo. Habari ya sukari sikumwambia.

Jumanne, 14 Agosti

Nimelala siku mbili, nimeona kosa lilipokuwa. Ni vumbi! Binti yangu Awinja ameolewa Shirere, na kule trekta za miwa hazipiti. Ana mimba ya miezi minane. Najua mtoto ni wa ukoo wa mume wake, na jina hutoka kwao. Watazoea. Were, acha kucheka, nitafutie usafiri wa kesho asubuhi. Na Awinja apelekewe habari leo hii: asithubutu kujifungua kabla sijafika!