Nilivyoiamkia Kompyuta ya Bi Maulida

Jumatatu, 3 Februari

Mausi ya kompyuta imeharibika. Inakwenda kulia tu. Kushoto haitaki, kama mtu aliyenuna.

Siyo hilo lililoninyima chakula cha mchana. Bi Maulida katuita mimi na Haidar mbele ya mashine ya fotokopi. Kasema steshenari hii ya Dunda ina kompyuta moja na kiti kimoja, na sisi tuko wawili. Jumamosi atachagua. Mmoja akae, mwingine aagane naye vizuri.

Kwa Haidar kuagwa si kitu, kwao mtaa wa pili. Kwangu mimi ni kurudi kijijini, Mkange. Mjomba Kibwana keshanitumia ujumbe: mahindi yanakomaa, ngedere wameanza kuja, anataka mtu wa kushinda shambani. Mtu huyo ni mimi. Mwaka jana wale ngedere walinizoea. Walikuwa wanakula huku wananitazama.

Haidar ana cheti cha kompyuta cha miezi mitatu. Kakitia leminesheni mwenyewe, kakibandika ukutani. Mimi nina darasa la saba na macho.

Lakini macho yamefanya kazi. Alikuja fundi Tobia kuitazama mashine. Mausi hakuigusa. Alibonyeza vitufe viwili kwenye kibodi, akaandika herufi tatu, cmd, kikafunguka kidirisha cheusi hakina hata picha. Akaandika neno humo, kalkuleta ikatokea. Neno jingine, karatasi ya kuandikia. Bila mausi! Mimi nilikuwa nakata picha za pasipoti, jicho moja kwenye mkasi, jingine kwenye vidole vyake. Picha moja nimeikata sikio. Mwenyewe hakugundua.

Jumanne, 4 Februari

Funguo za duka nalala nazo mimi. Nimefungua saa moja na nusu, kabla mtu hajafika.

Kidirisha cheusi kimefunguka mara ya kwanza. Nikaandika kalk. Kikanijibu mistari miwili ya Kiingereza. Nikaandika tena kalk. Mistari ile ile. Nikawaza, nimekosea wapi? Ndipo nikakumbuka. Nimeingia, nimekaa, nimeanza kuomba. Sijaamkia! Nyumbani ukifanya hivyo unarudishwa mlangoni.

Nikaandika shikamoo. Ikanijibu mistari miwili, nikachukulia ndiyo marahaba. Halafu nikaandika tena, safari hii calc, kwa c mbili kama alivyoandika Tobia. Kalkuleta hiyo hapo!

Adabu tu. Kumbe na mashine.

Saa nne Haidar kakwama mbele ya mteja, mausi imeng'ang'ania pembeni. Nikasogea. Sikusema kitu, mimi mbele za watu sauti haitoki. Nikafungua kidirisha, nikaamkia harakaharaka, nikaandika start winword, lile la Tobia la karatasi ya kuandikia. Ukurasa ukafunguka. Mteja kasema kijana huyu ni mtaalamu. Bi Maulida kaniangalia muda mrefu kidogo.

Usiku wa leo nitalala.

Jumatano, 5 Februari

Haidar kaja na mausi yake mwenyewe. Kaileta kwenye soksi. Kaichomeka, inakwenda kulia, kushoto, juu, kila mahali. Akienda kula anaichomoa na kuondoka nayo mfukoni, mkia unaning'inia.

Tena kawaambia wateja kidirisha cheusi ndicho wanachotumia wezi wa mtandao. Mama mmoja kanisikia nabonyeza tu kibodi, kachukua kitambulisho chake mezani na kukitia kwenye sidiria.

Bi Maulida leo hakuniangalia hata kidogo. Haidar ananiita Mkange. Kasema, nikifika kule nimsalimie ngedere mkubwa.

Alhamisi, 6 Februari

Nimepata silaha.

Jioni Tobia kapita kuweka vitu vipya kwenye mashine. Bi Maulida alikuwa anataka kufunga, kazi haijaisha. Tobia kasema si neno, funga tu, itajizima yenyewe. Kaandika kwenye kidirisha cheusi: shutdown /s /t 3600. Kamweleza Bi Maulida kwamba hizo ni sekunde za saa nzima, saa ikitimia mashine inajizima hata kama hakuna mtu. Akasema pia ipo herufi ya kuizuia ukibadili mawazo. Akaiandika kuionyesha. Wakati huohuo mteja kaniletea cheti cha kuzaliwa, nakala nne. Nilipogeuza shingo keshaifuta.

Si kitu. Ya kuzuia ya nini?

Mpango ni huu. Bi Maulida hufika saa tatu kamili kila siku. Haidar atakuwa kitini. Saa tatu na dakika kumi mashine inazima mbele ya macho yake. Haidar atatoa macho. Nitasogea taratibu, nitaiwasha, nitafungua kila kitu kwa kidirisha. Sitasema neno. Jumamosi kiti changu.

Nimerudia hesabu ya dakika mara saba.

Ijumaa, 7 Februari

Nianze mwanzo.

Saa mbili na dakika kumi, duka tupu. Nikaamkia. Nikaandika ile ya Tobia. Roho ikanisuta, nikaongeza samahani sana. Nikakishusha kidirisha chini kisionekane.

Haidar kaingia, kakaa. Pakatokea kibao chenye maandishi ya Kiingereza katikati ya kioo cha kompyuta. Nikasema basi, nimekamatwa. Haidar kakitazama, kakifunga, kachomeka mausi yake. Nikapumua.

Saa mbili na nusu kaingia Mwalimu Gertruda.

Mwalimu Gertruda ni mstaafu, ndiye mteja pekee anayeniita mwanangu. Aliwahi kuona daftari hili kwa nje akanisifu mwandiko. Leo kavaa kitenge cheusi. Mama yake anafanyiwa misa ya kumbukumbu huko Miono, leo saa nane mchana, na anataka kijitabu cha maisha ya marehemu. Nikatazama mikono yake. Hana karatasi. Yote yako kichwani. Akavuta kiti karibu na Haidar, akaanza kusema, Haidar anaandika.

Kasema mama yake alivyotembea kwa miguu kutoka Miono na mtoto mgongoni kumfuata muuguzi. Kasema alivyokuwa anaficha sukari kwenye mtungi wa maji mtupu. Alivyofariki ameshika kitana. Hapo kajifuta macho kwa ncha ya kitenge, kaendelea. Mimi nilikuwa nashona vijitabu vya watu wengine kwa pini. Nimejichoma pini mara mbili.

Saa mbili na dakika hamsini. Nikaangalia juu ya kioo, pale jina la kazi linapoandikwa ukishasevu. Hakuna jina. Haidar hajasevu hata mstari!

Nikasogea, nikamnong'oneza asevu. Kasema nikate picha zangu. Nikanong'ona tena. Kasema kwa sauti, kila mtu asikie, kwamba yeye ana cheti, mimi nina mkasi. Nikataka kumwambia Mwalimu. Nikaishia kusema kwamba yale maneno ni mazuri, labda ayaseme tena baadaye, yazidi kunoga.

Mwalimu akanitazama kwa macho yake mekundu.

"Mwanangu, nimeweza kuyasema mara moja. Mara ya pili sitaweza."

Nilitoka mbio. Sandali moja imebaki kwenye mtaro, hadi sasa ipo. Tobia huwa anakunywa supu stendi asubuhi. Nikamkuta na mfupa mkononi. Nikamwambia mashine inakwenda kujizima, kama jana jioni. Akasema basi itawashwa. Nikamwambia ina mama wa mtu ndani. Akauacha mfupa.

Tukapanda bodaboda moja. Bi Maulida alikuwa keshafika, kasimama mlangoni na mkoba wake. Saa ya ukutani inasema saa tatu na dakika nane. Tobia kamtoa Haidar kitini kwa bega. Kakiinua kidirisha cheusi. Kaandika shutdown /a. Kikatokea kibao kingine. Tobia kasema tayari, haizimi. Akasevu, mara mbili.

Nilikaa chini sakafuni, mgongo kwenye boksi la karatasi.

Kumbe Tobia bado anatazama kidirisha. Maneno yote yapo palepale, hayajaondoka. Sikujua kama yanabaki! Akauliza nani kaandika haya. Bi Maulida akavaa miwani, akayasoma kwa sauti, Kiingereza akikigeuza Kiswahili, mbele ya Mwalimu, mbele ya wateja wawili wa fotokopi.

"Shikamoo. Zima baada ya saa moja. Samahani sana."

Haidar kasema si yeye. Bi Maulida kamwambia anajua si yeye, kwa sababu Haidar hata yeye mwenye duka hamwamkii, sembuse kompyuta. Halafu wote wakageuka kunitazama mimi pale chini, na mguu mmoja mtupu.

"Kwa hiyo Mwinyimvua, umekusudia kunizimia duka, lakini ukaona uanze na shikamoo."

Nilisema ndiyo, Bi. Neno pekee lililotoka.

Tobia kacheka mpaka kashika ukuta. Alipomaliza kamuuliza Haidar kuhusu kile kibao cha Kiingereza cha asubuhi. Kilimwandikia wazi kwamba mashine itazima. Hakukisoma? Haidar kasema alidhani ni tangazo. Bi Maulida akakitazama kile cheti cha ukutani, kwa muda.

Mwalimu Gertruda kapata vijitabu vyake. Wakati wa kutoka kanipa kimoja. Kasema mwanangu, ulikimbia. Sijui ni pongezi au ni lawama. Nimekiweka chini ya mto.

Jumamosi, 8 Februari

Siku ya hukumu. Nimevaa shati langu la sikukuu ya Iddi. Begi la nguo nimelificha nyuma ya mashine ya fotokopi, nisije nikaambiwa niondoke nikaanza kuhangaika.

Bi Maulida kasema ana vijana wawili. Mmoja anaisoma mashine kwa macho na hajui kusoma inachomwambia. Mwingine kafundishwa kusoma na hasomi. Kasema kiti hapati mtu. Kakaa yeye mwenyewe. Wiki moja zaidi, atatutazama kwa karibu, na atakayemfanyia ujinga tena anapanda gari siku hiyohiyo.

Haidar kaambiwa akibandue cheti mpaka atakapokuwa anasoma. Mimi nimekatazwa kidirisha cheusi. Kasema nikiamkia kitu chochote kisicho na miguu, Mkange.

Nimemjibu Mjomba Kibwana kwamba bado kuna kazi kidogo huku. Kajibu kwamba ngedere wameongezeka.

Begi nimelirudisha chumbani. Nimeamua. Sigusi tena. Nimekoma.

Jumapili, 9 Februari

Duka limefungwa. Nimekaa nafikiri tu.

Jana jioni, kabla ya kufunga, Tobia alipita tena. Nilikuwa nafagia. Sikutaka kutazama, lakini ufagio ulifika pale. Kaandika mambo yake mengi kwenye kidirisha, halafu mwisho kaandika herufi tatu, cls, kikawa cheusi kitupu. Kila neno limefutika. Kama hakukaa mtu!

Kumbe hilo ndilo nililolikosa. Siyo mpango uliokuwa mbaya, mpango ulikuwa safi. Nilisahau kufuta tu.

Haidar Jumatano anapewa kazi ya kadi za harusi ya mteja wetu mmoja, Adila, kadi mia mbili. Bi Maulida kasema atamwachia kiti kwa saa moja aone. Saa moja! Yaani sekunde zangu zilezile. Na herufi ya kuzuia sasa ninayo, kwa hiyo hakuna atakayeumia. Nitaizuia mwenyewe dakika ya mwisho, mbele ya Bi Maulida.

Funguo bado nalala nazo mimi. Jumatano saa mbili na dakika kumi, kabla mtu hajafika. Naingia, naamkia kwa kifupi. Naandika ile ya Tobia ya kuzima. Halafu cls, yote yafutike, kioo kibaki kitupu.

Halafu naandika asante, kwaheri. Siwezi kuondoka hivihivi tu.